Risasi Yenye Herufi Yangu

Gitega, 11 Januari 2025

Mzee Hamissi,

Shikamoo.

Kabla sijajitambulisha, naomba nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama. Nikianza na habari za masomo nitaishiwa ujasiri, na utapata barua safi isiyo na kitu ndani.

Baba yangu ana chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko cha mpira. Ndani yake mna risasi aliyotolewa mwilini mwaka 2009. Chupa hukaa juu ya kabati nyuma ya Biblia, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Nilipokuwa darasa la kwanza niliifungua. Nilitegemea kitu chenye ncha. Nilikuta kijipande bapa, cha kijivu, kilichopinda upande mmoja. Mtu mzima angeona madini yaliyopinda, basi. Lakini wiki ileile nilikuwa nimejifunza kuandika jina langu, na nikaona L.

Jina langu ni Letisia.

Niliirudisha nyuma ya Biblia. Niliamini kwamba kila risasi huandikwa herufi ya mtu wake, kwamba hii ilikuwa yangu, na baba aliipokea kwa niaba yangu. Sasa nina miaka kumi na saba na najua huo ulikuwa ujinga wa mtoto. Lakini mpaka leo mwalimu akiita jina langu nashtuka kwanza, ndipo naitika.

Nakuandikia kwa sababu chama chenu cha radiolojia kinatimiza miaka kumi na mitano mwezi wa nne, na kinataka historia fupi kwa Kiswahili ili watu wa kawaida waisome. Mwalimu wetu Anatoli amenichagua mimi niiandike. Aliponiambia ni chama cha "watu wa radio" niliandaa kurasa tatu za maswali kuhusu watangazaji na vipaza sauti. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaeleza kwamba ni wale wa picha za eksirei. Daktari Vumilia, katibu wa chama, anasema kati ya wale saba walioanzisha, wewe ndiye unayekumbuka vizuri. Anasema pia kwamba wazee wa chama wana msemo, "tulizaliwa na risasi," lakini hakuna anayeufafanua. Je, ilikuwa habari ya vita?

Nina swali lingine, la kwangu. Tangu Desemba baba hawezi kulima. Kuna siku hawezi hata kunyanyuka mkekani. Kituo cha afya kinampa vidonge na kumwambia ni masalio ya risasi, avumilie. Ilikuwa picha ya radio iliyoiona risasi ile mwanzo, katika hospitali moja ndogo huko kaskazini ambayo sasa imefungwa. Ndiyo maana tangu utotoni nawaheshimu watu wa kazi yako. Je, radio nyingine inaweza kuyaona hayo masalio?

Hapa bwenini simu haziruhusiwi, na hata nikiwa nayo nanyamaza. Twaha, dereva wa gari la Muyinga, amekubali kubeba bahasha zetu.

Wako kwa heshima,
Letisia, binti wa Dominiko wa Butihinda


Muyinga, 19 Januari 2025

Binti Letisia,

Marahaba. Hapa mjini shikamoo tunaisikia kwa watu waliorudi toka Tanzania tu. Nilimwambia bibi yangu Amisa, mama ya watoto wangu, leo tumepata mtoto wa adabu. Akaniuliza, anataka nini? Nikasema, anataka historia. Akasema, basi umpe fupi, juu ya vile ukianza hutanyamaza.

We si wa kwanza kukosea ile neno radio. Nilipoanza kazi, watu walikuwa wananiletea redio zao mbovu. Mzee mmoja alisafiri toka asubuhi na redio yake kichwani, akafika akakuta mi nimevaa joho zito na nasukuma mtu kwa kitanda. Akaniuliza, fundi, huyu naye amekata mawimbi? Nilitengeneza ile redio, bon, waya ilikuwa imechomoka tu.

Chama. Tulikuwa watu saba, daktari wawili na sisi watano wa kupiga picha. Tulikutana Gitega mwaka 2010, mwezi wa nne, katika chumba cha kukopeshwa, viti vitano. Wawili walikaa kwa dirisha. Kila mtu alikuwa anafanya kazi peke yake huko kwake, mashini za zamani, hakuna wa kumuuliza. Donc tuliandika sheria. Ya kwanza iko fupi: kila picha itakuwa na D ao G, na hakuna herufi ingine. D ni droite, kulia. G ni gauche, kushoto. Ni vitu vidogo tunaviweka pembeni ya mgonjwa, vinatokea katika picha, daktari anajua upande. Ingine tuliandika baadaye: mafunzo, mashini, mtoto asipigwe picha bila sababu. Lakini ile ya kwanza tuliandika kabla hata ya kuchagua rais wa chama.

Hayo yanatosha kwa leo. Sasa mi niko na swali, na unijibu hilo kabla ya yote. Kovu la baba yako iko upande gani? Na anaumwa upande gani?

Habari ya ile chupa usiiandike katika historia, na usimwambie mtu mwingine bado. Siyo juu umefanya vibaya. Ulikuwa mtoto.

Mi,
Hamissi


Gitega, 2 Februari 2025

Mzee Hamissi,

Shikamoo. Nimeandika jibu lako kwanza kama ulivyoagiza.

Kovu liko kulia, refu, kutoka mgongoni mpaka karibu na kitovu. Anaumwa kushoto. Nilimpigia kwa simu ya mwalimu Anatoli ili nisikosee, na baba alicheka, akasema risasi ilikuwa na mizizi kama muhogo, wameng'oa huku ikachipua kule.

Nimefurahi sana kwa habari ya mzee na redio. Nimeiweka katika ukurasa wa pili. Mwanzo nimeuandika hivi, tafadhali unisahihishe:

"Chama hiki kilizaliwa na risasi. Katika miaka ya vita watu wengi walipigwa, na risasi zikabaki miilini mwao bila kuonekana. Waliorudi nyumbani walirudi nazo. Ndipo watu saba wakaona kwamba taifa linahitaji macho ya kuona ndani."

Mwalimu Anatoli ameusifu. Amesema unasomeka kama mtu mzima kauandika. Lakini mimi kuna kitu kinanisumbua. Nimepanga tarehe kwenye karatasi, kama tunavyofundishwa. Sisi tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi, Tanzania, mwaka 2008, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Chama kilianza 2010, bunduki zikiwa zimenyamaza. Ikiwa risasi ndizo zilizokizaa, kwa nini sheria ya kwanza haisemi kitu juu ya majeruhi? Kwa nini inasema juu ya herufi?

Na kwa nini mwanzilishi wa chama anauliza kovu la baba yangu kabla ya kujibu swali lolote? Samahani kwa kuuliza hivyo. Ana kwa ana nisingethubutu.

Baba sasa anatembea kwa fimbo.

Letisia


Butihinda, 16 Februari 2025

Mwanangu Letisia,

Mama yako anakusalimu, na mdogo wako Prosper pia. Mimi niko hivyohivyo.

Siku ya Alhamisi alikuja mgeni kwa pikipiki kutoka Muyinga, mzee wa Kiislamu, kofia safi, anaitwa Hamissi. Alisema ni rafiki yako wa barua. Alileta sukari na sabuni. Tukafurahi, mama yako akamwita jirani Mustafa atuchinjie kuku, ili mgeni wetu ale bila wasiwasi.

Aliomba kuiona chupa. Nikamletea. Akaishika mlangoni penye mwanga. Nikaona labda anapenda masimulizi, nikamweleza yote: tulivyokimbia mwaka 1996, na pale mtoni kitu cha moto kilivyonipita mgongoni nikaanguka, nikadhani ni mti umenichoma, mpaka miaka mingi baadaye mtu wa radio alipoinua picha yangu na kunionyesha kitu cheupe, akasema, "Hiyo ni risasi." Mgeni akaniuliza kama naikumbuka sura ya yule mtu wa radio. Nikamwambia sura hapana. Nakumbuka sauti yake ilikuwa ya upole.

Hapo akairudisha chupa mezani. Akaomba maji. Hakuyanywa. Aliniomba aniguse ubavu, na aliponigusa wa kushoto nilipiga kelele. Akasema, "Dominiko, nenda Gitega upigwe picha upya, usikae." Kisha akaondoka. Kuku alikuwa bado jikoni.

Mama yako ameudhika. Mimi sijaudhika, lakini nafikiri usiku na mchana. Wewe unamjua. Nimemkosea nini mzee yule?

Baba yako,
Dominiko


Gitega, 22 Februari 2025

Mzee Hamissi,

Sijui nianzeje barua hii, kwa hiyo naandika kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea.

Jana Daktari Vumilia aliniita ofisini kwake aniazime daftari la mikutano. Mezani palikuwa na kisanduku cha mbao. Akaniambia hizi ndizo zile herufi za sheria ya kwanza, shika uone. Akaniwekea D kiganjani. Nilishtuka kwa uzito wake. Kitu kidogo kama ukucha, kizito, baridi, cha kijivu. Nikauliza kimetengenezwa kwa nini. Akasema, "Kwa risasi. Mwale haupiti kwenye risasi, ndiyo maana herufi inatokea nyeupe."

Nimesoma kemia. Najua risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu cha kuua. Nilijua, na sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja.

Kisha nikaona, kwenye kona ya kisanduku, juu ya pamba, herufi nyingine peke yake. Ilikuwa R. Nikasema, sheria inasema D na G tu. Daktari akacheka. Akasema hiyo ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa chama, uliileta wewe, ukasema mwenzetu mmoja huko kaskazini alikosea kwa herufi za kigeni na mgonjwa akapasuliwa upande usiokuwa wenyewe. Akasema R hii ilikuwa na mwenzake, L, lakini ilipotea.

Nilitoka nje nikashika ukuta. Msichana mmoja aliniuliza kama nina homa.

Katika barua yako uliandika ulivaa "joho zito." Hukusema ni zito kwa risasi iliyotiwa ndani yake. Nimeisoma barua yako tena, na neno risasi hukuliandika hata mara moja, ingawa mimi nilikuuliza habari zake. Kumbe ulijua tangu barua yangu ya kwanza, pale niliposema L.

Baba ameniuliza amekukosea nini. Kwa sababu hiyo naandika, na sitaki habari nyingine, wala historia, wala vichekesho.

Huyo mwenzenu mmoja alikuwa nani?

Letisia


Muyinga, 27 Februari 2025

Letisia,

Ni mi.

Nimeandika hayo maneno mawili toka asubuhi, na sasa watu wanatoka msikitini adhuhuri. Wacha niendelee.

Katika ile hospitali G yetu ilipotea. Wakati kambi ya ng'ambo ilifungwa, vitu vya hospitali yake vililetwa kwetu, na ndani kulikuwa R na L. Mi Kiingereza sikijui. Kazi nilifundishwa kwa Kifaransa, kwa kuangalia mikono ya mtu mwingine. Nikafikiri hivi: hizi zimetoka Tanzania. Tanzania wanasema Kiswahili. Donc L ni lia, ni kulia. R sikuijua, nikaiacha. Nilijiona niko na akili sana. Sikumuuliza mtu, juu hakukuwa mtu, na juu ya ile akili.

Baba yako alikuja na maumivu. Alikuwa na jiwe katika figo ya kushoto. Niliweka L upande wake wa kulia, nikapiga. Picha ilitoka nzuri. Aliiona herufi inang'aa, akaniuliza hii ni nini. Kwa Kifaransa ningesema plomb, jina la madini tu, asingeelewa kitu, na labda yote yangekwenda ingine. Lakini nilisikia Kiswahili chake kizuri, nikataka na mi kusema vizuri. Nikamwambia, "Hiyo ni risasi." Kisha akaanza kuniambia habari ya mto na kitu cha moto. Kulikuwa watu wengi wanangoja. Nilimpiga bega, nikaita mwingine. Pale nilikuwa sijadanganya bado. Nilikuwa nimekosea tu.

Daktari wa kupasua alikuwa mgeni, alisomea kwa Kiingereza. Kwake L ni kushoto. Aliisoma picha kwa njia yake, na jiwe likahamia kulia. Akapasua kulia. Alitafuta, hakuona. Baba yako alipoteza damu nyingi sana. Daktari alitoka akaniuliza kwa nini niliweka L pale. Nikamwambia, L ni lia, Daktari. Akaniangalia. Akakaa chini kwa sakafu, na nguo zake zote za kazi.

Alisema tutangoja mwezi, apate nguvu, tupasue upande wake wenyewe. Baba yako alipoamka hakuuliza jiwe. Aliuliza, "Mmeipata risasi?" Daktari alinigeukia. Mi nilikuwa nimeitoa L kwa mashini, nisiione tena, iko mfukoni. Nikatia mkono mfukoni. Letisia, hakuna mtu alinituma. Niliitoa, daktari akaiweka katika chupa.

Pale nilidanganya.

Daktari aliondoka nchini kabla ya mwezi kwisha. Baba yako alikuwa amekwisha rudi Butihinda na furaha yake. Mi nilijua komini anayokaa, nilijua jina. Ni mwendo wa nusu siku. Miaka kumi na mitano sikwenda. Nilikwenda Gitega, nikawaambia wenzangu "mwenzetu mmoja," nikalia mbele yao, wakaniona niko mtu wa huruma, wakaandika sheria. Wakanichagua katika kamati. Ile sheria imesaidia watu, hilo ni kweli, na inaniuma zaidi kuliko kama isingesaidia.

Nilikuja kwenu nimwambie. Akanieleza hadithi yake vizuri vile, na akasema sauti ya yule mtu ilikuwa ya upole.

Jiwe iko pale bado. Siyo masalio. Nimemwandikia Daktari Vumilia, mlango uko wazi, apelekwe haraka. Msomee baba yako hii barua, yote, usiruke kitu. Na katika historia uandike jina langu.

Hamissi


Gitega, 29 Aprili 2025

Mzee Hamissi,

Jiwe limetoka. Lina ukubwa wa punje ya haragwe na rangi ya kahawia. Baba anaendelea vizuri na jana amekunywa uji. Nimeanza na hilo ili usisome barua hii ukiwa na hofu.

Nilikaa muda mrefu bila kukujibu, na sitaomba radhi. Kwa wiki mbili nilikuwa nikisikia neno risasi popote, hata darasani, natoka nje. Nilishindwa kula na wenzangu. Nilikuchukia, kisha nasoma ile habari ya redio na waya uliochomoka na nacheka, kisha najichukia mwenyewe.

Mwezi wa tatu niliomba ruhusa nikaenda Butihinda. Nilimsomea baba barua yako mbele ya mama, yote, sikuruka kitu. Nilipomaliza, baba hakusema neno juu yako. Alisema hivi: "Kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano nimemwombea yule askari aliyenipiga. Nilipata taabu sana kumsamehe. Niliweza. Sasa niliyemsamehe ni nani?" Mama alianza kulia.

Kisha aliniomba chupa. Akaitikisa, akaigeuza, na nikaona usoni mwake kwamba ameitambua. "Ni herufi," alisema. "Mimi ninayejua kusoma." Hapo nikamwambia siri yangu, ile niliyokuandikia wewe kwanza. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mgeni. Aliniuliza kama ndiyo sababu nimekuwa mtu wa kunyamaza. Nikasema sijui, labda. Akatoka akaenda kwa mbuzi akakaa huko mpaka jioni. Asubuhi alisema tutakwenda Gitega.

Kuhusu wewe alisema maneno haya, na nilimwahidi kukuandikia kama alivyoyasema: "Mwambie kuku wake alimalizwa na majirani. Akija tena aje na njaa." Nikamuuliza kama maana yake amekusamehe. Akasema, "Sijasema hivyo. Nimesema aje."

Historia. Daktari Vumilia aliisoma mara mbili. Aliniambia ukurasa wa kwanza una ujasiri, lakini huenda "mwenzetu mmoja" ingetosha, kwa sababu ya wageni watakaokuja na kwa sababu wewe ni mzee. Nilitaka kumwambia kwamba ni maneno hayo mawili yaliyomwacha baba yangu na jiwe miaka yote. Badala yake nilifungua mkoba, nikaitoa L niliyopewa na baba, nikaiweka juu ya pamba karibu na R. Zililingana kabisa. Daktari alizitazama, akasukuma karatasi zangu upande wangu bila kufuta kitu.

Siku ya sherehe nilisoma mwenyewe. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Chama hiki kilizaliwa na herufi moja ya risasi, iliyowekwa upande wa kulia na Hamissi wa Muyinga, ambaye hakuwa na mtu wa kumuuliza." Watu wakageuka kutazama kiti chako. Kilikuwa kitupu. Nikaendelea na ukurasa wa pili. Pale kwenye mzee aliyebeba redio walicheka. Baadaye mtu mmoja wa kazi yako, kijana kutoka Itaba, alinijia akasema na yeye ana jambo, lakini hakulisema, akaondoka.

Daktari Vumilia aliuliza kama L inaweza kubaki kisandukuni. Baba alikataa. Alisema, "Hapana, hii nimeibeba mimi." Imerudi kwenye chupa yake.

Kilichobaki ni siku ya upasuaji, tarehe 24. Asubuhi walimleta baba kwenye kitanda cha magurudumu mpaka mlangoni. Picha mpya ilikuwa imetundikwa ukutani, na pembeni yake G, nyeupe, upande wa jiwe. Daktari wa upasuaji alimuuliza baba ni upande gani. Baba akainua mkono wa kushoto. Muuguzi alikuwa na kalamu ya wino mzito, ya kuweka alama kwenye ngozi. Alikuwa tayari ameinama aweke msalaba.

Nilisema, "Naomba niandike mimi." Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wanne nisiowajua. Muuguzi alimtazama daktari, daktari akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kalamu. Ngozi ya baba ilikuwa ya moto, na alijikaza asicheke kwa sababu nilimtekenya. Sikuandika L, wala G. Niliandika neno zima, kwa herufi kubwa saba, KUSHOTO, nikalisoma kwa sauti, baba akalisoma baada yangu, kisha nikamrudishia muuguzi kalamu yake.

Letisia